Mtama, Uwele na Mahindi: Historia ya Chakula cha Singida

Jina la mahindi lashuhudia lenyewe ya kuwa nafaka hii ilitoka ng'ambo. Watu wa pwani waliolitoa jina hilo waliihusisha mbegu na Bara Hindi na wafanyabiashara wake, ingawa asili yake ya kweli ni Meksiko, ambako wakulima wa kale waliigeuza nyasi ya mwituni kuwa nafaka yapata miaka 9,000 iliyopita. Mtama na uwele havina safari ndefu kama hiyo. Mimea hiyo miwili ni wazaliwa wa Afrika, na kwa karne nyingi ndiyo iliyowalisha watu wa uwanda wa kati wa Tanzania. Walakini leo, mtu akitaja ugali katika mji wa Singida bila kuongeza neno, hueleweka ya kuwa anataja ugali wa mahindi. Atakaye wa mtama au wa uwele hana budi kuutaja kwa jina lake.

Badiliko hilo halikuletwa na mvua wala na udongo, kwa maana mvua na udongo wa Singida ungali upande wa mtama. Lililetwa na mambo ya wanadamu: vita, kodi, reli, mishahara, misaada ya njaa, bei za serikali, shule na mashine za kusaga. Mengine yalianzia mbali sana, katika mashamba ya Marekani ambayo hakuna mkulima wa Iramba wala Manyoni aliyepata kuyaona. Kuyafuata mambo hayo kwa taratibu yake ni kujua jinsi jamii inavyoweza kubadili chakula chake pasipo siku moja kukaa na kuamua kukibadili.

Yafaa kuanza na nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya Singida iko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, na wastani wake ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Lakini wastani huficha jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni mpangilio wa mvua hiyo. Yaweza kunyesha vema mwezi wa Desemba, ikakatika majuma matatu mwezi wa Februari, kisha ikarudi kwa nguvu Machi. Mtama ukipatwa na ukame wa namna hiyo hukunja majani yake, husimama kukua, na mvua irudipo huendelea na kazi yake. Mahindi hayana subira hiyo. Ukame ukiyakuta katika majuma ya kutoa mbelewele, punje hazifungi, na mvua ijayo baadaye hukuta mabua mazuri yasiyo na magunzi ya maana.

Wanyaturu, wajiitao wenyewe Warimi, pamoja na Wanyiramba na Wanyisanzu walio kaskazini, na Wagogo na Wakimbu walio upande wa Manyoni, waliijua tabia hiyo ya nchi na wakajenga maisha yao juu yake. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyekaa na Wanyaturu katika miaka ya 1959 na 1960 na kuchapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, alionyesha ya kuwa kwao shamba na zizi vilikuwa hesabu moja. Samadi ya ng'ombe ilirutubisha shamba. Nafaka iliyozidi mahitaji ya nyumba ilibadilishwa kuwa mifugo. Na mwaka wa shida ulipokuja mifugo ilibadilishwa tena kuwa nafaka. Tena nafaka yenyewe ilikuwa ya kudumu. Uwele na ulezi, kwa udogo wa punje zake, haviliwi upesi na wadudu, na vikihifadhiwa pakavu ndani ya tembe, katika vihenge au vilindo vya magome, vyaweza kukaa miaka kadhaa. Mavuno ya mwaka mwema yalikuwa bima ya mwaka mbaya.

Mahindi yaliingia katika utaratibu huo kwa upole. Wareno waliyafikisha Afrika baada ya safari zao za Amerika, nayo yakasambaa kutoka pwani kwenda bara. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilipita Ugogo, kusini mwa mkoa wa sasa. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wapagazi kwa mamia walihitaji kula, na wenyeji waliwauzia nafaka. Hata hivyo, mahindi yalibaki mmea wa bustani. Yalipandwa kando ya nyumba penye samadi nyingi, yakaliwa mabichi kwa kuchomwa au kuchemshwa, hasa katika miezi ya njaa kabla mtama haujakomaa. Yalikuwa msaidizi mwema wa mtama, si mrithi wake.

Utawala wa Wajerumani ulijenga boma Kilimatinde, na reli yao ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo vita vikaanza. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana, na kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ikapatwa na njaa kubwa ambayo Wagogo huikumbuka kwa jina la mtunya. Wengi walikufa, na wengi walitawanyika. Mtama haukushindwa siku ile na ukame peke yake. Akiba ilikuwa imekwisha kuondolewa vihengeni kabla mvua haijakosekana, na mifugo ambayo ingebadilishwa kuwa chakula ilikuwa imekwisha kuchinjwa kwa ajili ya askari. Tangu hapo bima ya zamani ilikuwa imetoboka.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, kodi ya fedha iliwatoa vijana wa Jimbo la Kati wakaenda kutafuta mishahara katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko manamba walipewa posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Waajiri waliupenda unga huo kwa sababu zilizo wazi: mahindi yalilimwa kwa wingi na walowezi wa Kenya na wa kaskazini mwa Tanganyika, yalinunuliwa kwa gunia kwa daraja moja, na yalisagwa kwa mashine bila taabu. Hata weupe wake una historia. Viwanda vya wanga vya Uingereza vilipendelea mahindi meupe, na walowezi wa kusini na mashariki mwa Afrika wakachagua mbegu za kuwaridhisha wanunuzi hao. Kijana aliyerudi Singida baada ya mkataba wake alirudi na fedha kidogo, nguo, na ulimi uliokwisha kuzoea sembe nyeupe. Unga ule ukaanza kunuka mshahara na mji, na mtama ukaanza kuonekana kuwa chakula cha waliobaki nyumbani.

Katika miaka ya 1930 serikali ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, kisha katika miaka ya 1940 ikaling'oa. Barabara za malori zilibaki, na njaa zilizorudi Jimbo la Kati katika miaka ya 1940 na 1950 zilikabiliwa kwa malori hayo. Hapo palikuwa na kinyume cha ajabu. Kwa maneno, watawala waliwaamuru wakulima kupanda mtama na muhogo kuwa mazao ya kuzuia njaa, na sheria ndogo ziliwatoza faini waliokaidi. Kwa vitendo, chakula kilicholetwa njaa ilipoingia kilikuwa mahindi. Bwana shamba alihimiza mtama, lakini lori lilileta mahindi; na mtoto aliyeokolewa na lori hilo hakuwa na sababu ya kumsadiki bwana shamba.

Hapa ndipo historia ya Singida ilipokutana na historia ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 karibu mashamba yote ya mahindi ya jimbo la Iowa yalipandwa mbegu iliyochaguliwa na mkulima mwenyewe kutoka mavuno yake. Baada ya miaka isiyozidi 15 karibu yote yalipandwa mbegu chotara zilizonunuliwa kwa makampuni, miongoni mwao ile aliyoianzisha Henry Wallace mwaka 1926. Mbegu chotara huzaa sana mwaka wa kwanza, lakini kizazi chake cha pili hupoteza nguvu hiyo, kwa hiyo mkulima hana budi kurudi dukani kila msimu. Kwa mbegu hizo ziliongezwa trekta na mbolea ya chumvichumvi, ambayo kutengenezwa kwake kutokana na hewa kulianza kiwandani Ujerumani mwaka 1913. Mavuno ya Marekani, yaliyokuwa yapata tani 1.6 kwa hekta katika miaka ya 1930, leo yamefika yapata tani 11. Wastani wa Tanzania haujafika tani 2.

Mavuno makubwa hivyo hayaliwi na watu kwa umbo lake. Sehemu kubwa ya mahindi ya Marekani hulishwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Sehemu nyingine kubwa hugeuzwa kuwa spiriti ya kuendeshea magari. Nyingine huwa sharubati ya kutilia soda utamu. Mara nyingi kilichobaki kilikuwa kingi kuliko soko. Mwaka 1954 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuuza au kutoa ziada ya mazao kwa nchi zenye upungufu. Tanganyika ilipopatwa na ukame mwaka 1961, kisha mafuriko, meli za Marekani zilileta mahindi ya njano, na Jimbo la Kati likawa miongoni mwa sehemu zilizogawiwa. Waliopokea walishukuru, na hapana shaka maisha mengi yaliokolewa. Hata hivyo yafaa kuona ya kuwa aina ya nafaka iliyokuja haikuchaguliwa kwa kuitazama nchi ya Singida. Ilikuja kwa kuwa ilikuwa imezidi katika ghala za nchi iliyoitoa. Mahindi ya njano yalirudi tena katika shida ya chakula ya miaka ya 1970 na 1980, na wananchi, kwa mzaha wao, wakauita unga wake Yanga, kwa rangi ya timu ya mpira.

Serikali ya uhuru haikukusudia kudharau mtama. Mkoa wa Singida uliundwa mwaka 1963, na viongozi wake walijua vema ukame ulivyo. Lakini mipango ya taifa ilikuwa na mkondo wake. Mbegu chotara ya Kitale, H611, ilitolewa Kenya mwaka 1964, na watafiti wa Tanzania nao wakatafuta mbegu bora za mahindi. Mwaka 1968 lilianzishwa Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuilisha miji, na miji ilitaka sembe. Katikati ya miaka ya 1970 ulianza mpango wa taifa wa mahindi, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wa kugawa mbegu na mbolea vijijini. Bei ya mahindi ikafanywa moja nchi nzima, hata mkulima wa mbali alipwe sawa na wa karibu. Reli ya TAZARA ilipokamilika mwaka 1975, nyanda za juu za kusini, zenye mvua ya kutosha, zikawa ghala la taifa. Mahindi ya Iringa na Mbeya yalipata reli, mbolea na mnunuzi wa hakika. Uwele wa Singida haukupata hata kimoja kwa kiasi kile.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilijaribu kusahihisha mizani kwa kupandisha bei ya mtama, uwele na muhogo. Wakulima wakaitika, wakauza kwa wingi. Shirika likajikuta na magunia yasiyonunuliwa, kwa kuwa wakaaji wa mijini walikuwa wamekwisha kuizoea sembe. Funzo la jambo hilo ni kubwa: bei nzuri yaweza kumfanya mkulima apande, lakini haiwezi kumfanya mlaji ale.

Zaidi ya bei palikuwa na kazi. Mtama wahitaji ulinzi wa ndege, na hasa wa kwelea kwelea, ambao makundi yao yaweza kuvuna shamba kabla ya mwenyewe. Zamani ulinzi huo ulikuwa kazi ya watoto, waliokaa juu ya vichanja na kupiga kelele tangu alfajiri. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua ya kuwa kila mtoto apate elimu ya msingi, na utekelezaji wake ulifikia kilele mwaka 1977. Katika mwaka huohuo wa 1974 kaya za Singida zilihamishiwa katika vijiji vikubwa, na mashamba mengi yakawa mbali na nyumba. Hapakuwa tena na mtoto wa kukaa shambani majuma mazima, wala hapakuwa na mzazi mwema aliyetaka kumtoa shuleni kwa ajili ya ndege. Hindi hulindwa na maganda yake. Kwa mama aliyebaki peke yake na jembe, sifa hiyo ilikuwa na uzito kuliko maneno yote ya mabwana shamba juu ya ukame.

Mama huyohuyo ndiye aliyekuwa akitwanga. Mtama huhitaji kukobolewa, kupepetwa, kulowekwa na kusagwa, na kazi ya jiwe la kusagia ilikula saa nyingi za siku yake. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini ilimpunguzia adhabu hiyo, na mahindi yalikuwa mepesi zaidi kupita katika mashine ile. Wasomi waliolaumu wanakijiji kwa kuacha chakula cha mababu mara nyingi hawakupata kuinama juu ya jiwe lile. Mkulima wa Singida hakudanganywa kuyapokea mahindi. Alipiga hesabu ya nguvu zake, ya masomo ya watoto wake na ya miezi ya njaa, na mara nyingi hesabu ile ilikuwa sahihi.

Kilichokosekana katika hesabu hiyo ni akiba. Karibu na mwaka 1980 wakulima wa Tabora, jirani wa magharibi wa Singida, waliona mdudu mpya katika magunzi yao, mwenye kutoboa punje na kuzigeuza kuwa vumbi kwa kasi isiyojulikana kabla. Asili yake ni Amerika ya Kati, kama asili ya mahindi yenyewe, na yaaminiwa aliingia pamoja na nafaka iliyoletwa kutoka nje. Wakulima walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania, kwa jina la malori makubwa ya wakati ule. Mdudu huyo hupenda mahindi na muhogo mkavu; punje ndogo za uwele hazimfai. Kwa hiyo aliyehamia mahindi hakubadili mmea tu. Aliacha nafaka ya kukaa miaka, akachukua nafaka ambayo bila dawa hufikisha miezi michache. Tangu hapo wengi wakaona heri kuuza upesi baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na kununua Januari, bei ikiwa juu. Kihenge kikawa tupu, na soko likashika kazi yake.

Soko lenyewe lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na ruzuku ya mbolea ikaondolewa katika miaka ya 1990. Singida ikageukia alizeti, zao livumilialo ukame, na leo ni miongoni mwa mikoa iongozayo kwa mafuta yake. Kuku wa kienyeji wa Singida husafirishwa hadi Dar es Salaam, safari ya yapata kilometa 700, wakakutane huko na kuku wa kizungu waliokuzwa kwa pumba na mahindi. Kaya nyingi huuza alizeti na kuku, kisha hununua unga. Katika mwaka mwema biashara hiyo ina faida. Katika mwaka mbaya bei ya alizeti na bei ya mahindi hazipatani, na mkulima hugundua ya kuwa chakula chake kinategemea mvua ya Mbeya, bei ya dizeli na amri za serikali juu ya kuuza nje, kama zilizotolewa mwaka 2011 na mwaka 2017. Hata vita vya mbali humfikia: mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea duniani, serikali ya Tanzania ilirudisha ruzuku ili mashamba ya nyanda za juu yasipungukiwe.

Mashaka mengine yalifuata. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi yaliyoteswa na ukame au kuhifadhiwa vibaya, iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani wa Singida. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi kutoka Amerika viliingia nchini. Na huko Makutupora, karibu na Dodoma, mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yavumilie ukame yalijaribiwa tangu mwaka 2016, mpaka serikali ilipoamuru mwaka 2018 majaribio yasimamishwe na mimea iteketezwe. Jambo hili lina maana kwa mwanahistoria, hata kama hana neno juu ya sayansi yake. Fedha na akili nyingi zilitumika kuyafundisha mahindi tabia ambayo mtama unayo tangu asili, ilhali mtama wenyewe ulipata watafiti wachache. Hata hivyo walikuwako, na kazi yao, kama mbegu za Pato ya mwaka 1995 na Macia ya mwaka 1999, yaonyesha ya kuwa mtama mweupe, mfupi na wa kukomaa mapema unawezekana. Viwanda vya bia navyo vimeanza kuununua.

Si haki basi kuimaliza historia hii kwa kulaani mahindi. Yaliwalisha watu wakati hakuna kingine, yaliwaachia watoto nafasi ya shule, na yaliwapunguzia akina mama kazi. Wala si haki kuwaagiza wakulima warudi kwenye mtama kwa sheria ndogo na faini, kama walivyofanya Waingereza bila kufaulu. Mambo yaliyouondoa mtama yajulikana kwa majina: ndege, jiwe la kusagia, ukosefu wa mnunuzi, na aibu ya kuonekana wa nyuma. Atakaye kuurudisha hana budi kuyajibu hayo moja baada ya jingine, kwa mashine za kukoboa, kwa ulinzi wa kwelea kwelea usiotegemea watoto, kwa ununuzi wa akiba ya taifa, na kwa shule na hospitali kupika ugali wake bila kuona haya.

Jambo lililo hatarini ni kubwa kuliko ladha. Zamani kaya ya Singida ilipatwa na mwaka mbaya ikiwa na nguzo tatu: mmea usubirio mvua, nafaka ikaayo miaka, na zizi. Zizi lingali liko, ijapokuwa malisho yamepungua. Hizo nguzo nyingine mbili zimehamishiwa mbali, katika ghala, barabara na mikataba isiyo mikononi mwa wanaokula. Ghala za mbali ni msaada mkubwa zifunguliwapo kwa wakati. Lakini watu waliopita katika mtunya walijifunza ya kuwa mwenye ufunguo wa ghala ana haja zake mwenyewe, na kwa sababu hiyo wazee wa Ugogo, hata baada ya lori la msaada kufika, waliendelea kuacha upande mmoja wa shamba kwa uwele.